Ukali kama Cheo: Historia ya Hulka Waliyopewa Samaki wa Mapambo wa Maziwa Makuu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi samaki wa maziwa ya Afrika Mashariki na Kati walivyopata sifa ya ukali katika ufugaji wa matangi ya kioo, tangu walipoanza kuelezwa na makumbusho za Ulaya mwishoni mwa karne ya 19 hadi leo. Hoja inayotetewa ni kwamba sehemu kubwa ya kile ambacho biashara imekiandika kuwa hulka ya spishi ni cheo cha samaki mmoja mmoja mahali alipo, na kwamba wafugaji, kwa kupenda rangi, wamekuwa wakiuchagua ukali uleule wanaoulalamikia. Mfano wa kuanzia umetoka Gatsata, jijini Kigali. Ushahidi umetoka katika maziwa ya Tanganyika, Victoria na Malawi, na katika maabara za ng'ambo.

Utangulizi

Anayetoka katikati ya Kigali kwenda kaskazini hupita kituo cha mabasi cha Nyabugogo kisha huingia Gatsata, eneo la Wilaya ya Gasabo ambalo kwa miaka mingi limejulikana kwa gereji zake. Chini ya barabara kuna bonde la Mto Nyabugogo, ardhi oevu ambamo wenye karakana wamekuwa wakihamishwa ili maji yarudishiwe nafasi yake. Katika ofisi ya gereji mojawapo iliyo upande wa juu wa barabara nilikuta tangi la kioo la urefu wa mita moja hivi, limeshikiliwa na fremu ya chuma iliyochomelewa palepale. Ndani yake walikuwamo samaki kadhaa wa manjano wenye milia myeusi, wamejibanza kwenye pembe ya juu karibu na mpira wa hewa. Chini, kwenye mawe, alikuwapo mmoja tu, mweusi mwenye milia hafifu ya samawati, akizunguka kama askari wa doria.

"Mwalimu," aliniambia fundi mwenye tangi, "huyu mweusi nilimnunua akiwa wa manjano kama wenzake. Alikuwa mpole kabisa. Sasa amegeuka, amewamaliza wanne." Nilipomuuliza atamfanya nini, alijibu kwamba kumuua ni dhambi, atamwachilia mtoni, kwani Nyabugogo haiko mbali. Kisha akaongeza neno ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: wateja wanaposubiri magari yao humtazama yule mweusi peke yake. Hao wa manjano hakuna anayewaulizia.

Samaki yule asili yake ni Ziwa Malawi. Wanasayansi humwita Melanochromis auratus, na aliyemweleza kwa mara ya kwanza ni George Albert Boulenger wa Makumbusho ya Uingereza, mwaka 1897. Jina auratus ni la Kilatini na maana yake ni mwenye rangi ya dhahabu. Dhahabu hiyo, hata hivyo, ni ya majike, ya wachanga na ya madume wasio na eneo lao. Dume akishapata eneo na kuwashinda wenzake, rangi zake hupinduka: palipokuwa na manjano huingia weusi, na milia iliyokuwa myeusi hufifia. Fundi wa Gatsata hakuuziwa samaki mbovu wala hakudanganywa. Alinunua samaki asiye na cheo, akampa mahali pa kukipata.

Vitabu vya wafugaji humweka samaki huyu katika kundi la wakali kupita kiasi, na orodha za wauzaji hurudia hukumu hiyo kana kwamba ni kipimo cha urefu au uzito. Swali la mwanahistoria ni jepesi kuuliza: nani alikuwa wa kwanza kuandika hivyo, aliwaona samaki hawa wapi, na wakiwa katika hali gani?

Samaki wa chupa na samaki wa kioo

Jibu la kwanza ni kwamba waliowapa samaki hawa majina hawakuwaona wakiogelea. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ziwa Tanganyika mwezi Februari mwaka 1858, wakiongozwa na wapagazi waliokuwa wakiijua njia ya Ujiji kwa miaka mingi kabla yao. Mwaka 1894 Albert Günther, huko London, alieleza samaki mdogo wa ziwa hilo akampa jina la burtoni. Miaka minne baadaye Boulenger alieleza Tropheus moorii kutokana na vielelezo vya J. E. S. Moore, aliyekuwa ametumwa Tanganyika kuchunguza viumbe wake. Vielelezo hivyo vilifika Ulaya vikiwa ndani ya alkoholi. Katika alkoholi rangi hupotea na ugomvi hauonekani. Kilichobaki ni kuhesabu miiba ya mapezi, magamba na meno. Ndiyo maana maelezo ya enzi ile hayana neno hata moja kuhusu upole au ukali. Wavuvi wa maziwa walikuwa na majina yao na maarifa yao juu ya nani hukaa mawe gani na nani hufukuza nani, lakini maarifa hayo hayakutiwa katika chupa.

Msamiati wa hulka ulikuwa tayari unaandaliwa kwingineko. Katika Siam, nchi inayoitwa Thailand leo, samaki wadogo walikuwa wakifugwa kwa ajili ya kupiganishwa na watu kuwekeana dau. Daktari Theodor Cantor, aliyepata samaki wa namna hiyo karibu mwaka 1840, alimwandika mwaka 1849 kwa jina la pugnax, yaani mpenda vita. Baadaye C. Tate Regan aligundua kwamba jina hilo lilikuwa limekwisha kupewa samaki mwingine, na mwaka 1909 akampa huyu wa Siam jina la Betta splendens, yaani mwenye fahari. Mpenda vita akawa mwenye fahari. Sina hakika kama Regan alitabasamu alipokuwa akiandika, lakini majina hayo mawili kwa pamoja yanaeleza soko zima la samaki wa mapambo lililofuata.

Ikumbukwe kwamba samaki wa Siam walichaguliwa kwa vizazi vingi ili wapigane, na hilo ni jambo tofauti na yaliyowapata samaki wetu. Hakuna mtu aliyewazalisha samaki wa Tanganyika au wa Malawi kwa ajili ya vita. Hata hivyo walipofika Ulaya walisomwa kwa lugha iliyokwisha kuzoeleka: huyu ni wa tangi la pamoja, yule ni mgomvi, huyu afugwe peke yake.

Lugha hiyo ilipata uzito wa kinadharia mwaka 1963, Konrad Lorenz alipochapisha Vienna kitabu chake juu ya uchokozi. Lorenz alianza na samaki wa matumbawe, ambao rangi zao kali alizifananisha na mabango ya kutangaza mipaka, akaendelea na samaki wa ukoo wa sikilidi, yaani ukoo wa sato na furu. Alisimulia jambo ambalo wafugaji walilijua: dume na jike waliofungiwa peke yao huweza kugeukiana, na dume akamdhuru mwenzake, ilhali wakiwekewa jirani wa kufukuzwa hupatana. Kutokana na hayo alidai kwamba uchokozi ni nguvu inayojikusanya ndani ya mnyama mpaka ipate pa kutokea, na hakusita kuvuka kutoka kwa samaki hadi kwa binadamu. Wataalamu wengi wa tabia za wanyama waliikataa nadharia hiyo. Msomaji wa Rwanda ana sababu yake ya ziada ya kuwa mwangalifu: maandishi ya kikoloni yaliyowagawia watu wa nchi hii hulka za kudumu kwa makundi yalileta maafa yanayojulikana, na neno hulka halipaswi kupita mbele yetu bila kuulizwa kibali chake, hata likiwa limemshika samaki tu.

Bujumbura, Malawi na mfuko wa plastiki

Samaki hai wa maziwa makuu walianza kusafirishwa kwa wingi pale ndege, oksijeni na mfuko wa plastiki vilipokutana. Ziwa Malawi lilitangulia, katika miaka ya 1960, na neno la wavuvi wa huko, mbuna, yaani samaki wa mawe, likaingia katika lugha za wafugaji wa dunia nzima bila kutafsiriwa. Kwa Tanganyika jina linalotajwa zaidi ni la Mbelgiji Pierre Brichard, aliyekuwa amekusanya samaki wa Mto Kongo kabla ya kuanzisha kituo chake Burundi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kitabu chake cha mwaka 1978 juu ya samaki wa Tanganyika kilikuwa, kwa wafugaji wengi, maelezo ya kwanza yaliyoandikwa na mtu aliyekuwa amepiga mbizi na kuwaona samaki hao kwenye mawe yao.

Samaki mmoja wa biashara hiyo anastahili kusimamiwa kidogo. Ana rangi ya maziwa ya chai, mapezi yenye ncha ndefu nyeupe, na hana madoido mengine. Mwaka 1974 Max Poll alimpa jina la Brichard, na leo anaitwa Neolamprologus brichardi. Wauzaji wa Ulaya walimwita Binti Mfalme wa Burundi. Ufalme wa Burundi ulikuwa umefutwa mwezi Novemba mwaka 1966. Binti aliingia sokoni wakati kiti cha baba yake hakipo tena. Jina lilivutia, na pamoja nalo ikauzwa sifa ya upole. Wafugaji wengi walimpenda kwa sababu watoto wakubwa hubaki na wazazi na kuwalinda wadogo zao, jambo ambalo Michael Taborsky na Dominique Limberger walilithibitisha kitaalamu mwaka 1981. Lakini mfugaji aliyemweka katika tangi la pamoja aligundua baada ya miezi kwamba familia hiyo yenye mapenzi ilikuwa imetwaa mawe yote na kuwasukuma wengine wote ukutani. Je, ni mpole au ni mkali? Ndani ya nyumba yake ni mlezi. Mpakani ni mwanajeshi. Orodha ya muuzaji ina kisanduku kimoja tu cha kuweka alama.

Tropheus alileta tatizo la aina nyingine. Huyu hula mwani unaoota juu ya mawe, na utafiti uliofanywa ziwani umeonyesha kwamba dume na jike wote wawili hulinda vipande vya malisho yao. Dume na jike hufanana kwa rangi, na kila kipande cha mwambao kina rangi yake, kwa kuwa samaki hawa hawapendi kuvuka mchanga au maji ya kina. Wafugaji wakaanza kukusanya miambao: Ikola kwa mkanda wake wa manjano, Bemba, Kigoma. Majina ya vijiji vyetu yakawa alama za bei katika miji ambayo wavuvi wa vijiji hivyo hawakupata kuisikia. Na kwa kuwa samaki mgeni akiingizwa peke yake katika kundi lililokwisha kupangana huuawa mara nyingi, ikazaliwa kanuni ya wafugaji kwamba wanunuliwe 15, 20 au zaidi kwa pamoja, waingizwe siku moja.

Kanuni hiyo, pamoja na ile ya wafugaji wa mbuna ya kujaza tangi kupita kiasi, ni ushahidi wa kihistoria ambao haujathaminiwa ipasavyo. Mfugaji wa mbuna aligundua kwa uzoefu kwamba samaki wanane katika tangi huuana, na 30 katika tangi lilelile huishi. Wakiwa wengi mno hakuna dume anayeweza kushika eneo na kulitetea, na mapigo hutawanyika kwa wengi badala ya kumwangukia mmoja. Alipanga upya mawe kila alipoingiza mgeni ili kila mmoja aanze bila shamba. Aliweka dume mmoja kwa majike kadhaa. Kwa maneno mengine, mfugaji huyo alitenda kama mtu anayejua kwamba ukali hutoka katika mpangilio wa nafasi. Lakini alipoandika, aliandika kwamba spishi hii ni kali. Mikono yake ilijua jambo ambalo kalamu yake ilikataa kulisema.

Ushahidi wa burtoni

Samaki aliyetatua sehemu kubwa ya suala hili ni yuleyule wa Günther, anayeitwa sasa Astatotilapia burtoni. Huishi kwenye maji ya kina kifupi ya ukingo wa Tanganyika na mito yake, hahitaji matunzo ya anasa, na maabara za Ulaya na Marekani zimemfuga kwa miongo mingi. Mwaka 1962 Wolfgang Wickler alimtumia kueleza madoa ya manjano kwenye pezi la chini la dume, ambayo jike huyafuata kama mayai na hivyo kupokea mbegu kinywani. Mwaka 1969 Leong alionyesha dume vinyago vya samaki vilivyopakwa rangi tofauti. Mstari mweusi wa wima ulio chini ya jicho uliongeza mashambulizi ya dume dhidi ya samaki wadogo waliokuwa naye katika tangi. Doa la rangi ya chungwa ubavuni liliyapunguza. Hapo rangi na uchokozi vilifungwa pamoja kwa hesabu.

Kazi za Russell Fernald na wenzake ziliongeza jambo la pili. Madume ya burtoni yako katika hali mbili. Mwenye eneo hung'aa, huwa na mstari wa jicho, hupigana na huzaa. Asiye na eneo hufanana na jike, hukimbia na hazai. Hali hizi si za kuzaliwa nazo. Samaki mmoja huweza kupita kutoka moja hadi nyingine na kurudi. Mwaka 2005 Burmeister, Jarvis na Fernald walimwondoa mtawala wakati wa giza. Taa zilipowaka, dume wa chini aliona nafasi iko wazi, na katika muda wa dakika chache akabadili rangi na kuanza kutisha wengine, huku jeni katika sehemu ya ubongo inayosimamia uzazi ikianza kuitikia. Mwaka 2007 Grosenick, Clement na Fernald walionyesha kwamba dume anayetazama mapigano ya wengine kupitia kioo huweza kukisia nani ni dhaifu kati ya wawili ambao hajapata kuwaona wakipigana wao kwa wao. Samaki huyu hupiga hesabu kabla ya kupiga mwenzake.

Tukirudi kwa mnunuzi, jambo ambalo soko halijalisema wazi linadhihirika. Mteja aingiapo dukani akaomba samaki mwenye rangi nyingi na mwenye upole, kwa samaki wengi wa kundi hili anaomba vitu viwili visivyokaa pamoja. Rangi anayoipenda ni sare ya mwenye cheo, na cheo hupatikana na kulindwa kwa kufukuza. Akiondolewa mgomvi, rangi huondoka naye, au humhamia mwingine.

Hata hivyo sitaki hoja hii ibebe mzigo usio wake. Zipo tofauti za kurithi kati ya spishi na spishi, na hakuna msongamano wowote utakaomfanya auratus awe kama samaki wa makundi wa maji ya wazi. Hata samaki wa Siam, waliochaguliwa kwa vita, wanatuonya tusikimbilie upande mmoja: Verbeek na wenzake (2007) waliwalinganisha waliofugwa na wa asili wakakuta kwamba tofauti ya uchokozi inategemea mazingira ya jaribio. Tena si kila pigo ni ugomvi. Perissodus microlepis wa Tanganyika huwashambulia wengine ili ale magamba yao. Michio Hori alieleza mwaka 1993 jinsi kila mmoja wao alivyo na kinywa kilichopinda kulia au kushoto, akishambulia ubavu unaolingana nacho, na jinsi idadi ya pande hizo mbili inavyopanda na kushuka kwa zamu. Kumwita samaki huyo mkorofi ni sawa na kumwita mvuvi mkorofi kwa kuwa anatupa nyavu.

Samaki wa Mwalimu

Ziwa Victoria linaonyesha upande wenye uchungu zaidi. Watafiti wa Leiden waliofanya kazi Mwanza tangu miaka ya 1970 waliwajua furu kwa mamia ya aina. Mwaka 1985 Witte-Maas na Witte walieleza mmoja wao mwenye mgongo mwekundu na ubavu wa manjano, wakampa jina la Mwalimu Julius Nyerere, aliyeng'atuka urais mwaka huohuo. Baadaye, mwaka 1998, Seehausen na Lippitsch walimtia katika jenasi waliyoiita kwa Kiswahili, Pundamilia. Pundamilia nyererei ni miongoni mwa furu wanaopendwa sana na wafugaji wa ng'ambo, na sababu ni wekundu wa dume. Dijkstra, Seehausen na Groothuis (2005) waliwakutanisha madume wekundu na madume wa samawati wa spishi ya jirani. Wekundu walielekea kushinda. Samaki aliyepewa jina la mtetezi wa usawa anajulikana kwa kupigania ukubwa. Waliomtunuku jina hilo walikuwa na nia njema.

Jambo zito zaidi ni hili. Sangara, aliyeingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliongezeka kwa kishindo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na furu wengi wakatoweka. Mwaka 1997 Seehausen, van Alphen na Witte walionyesha kwamba uchafu wa maji nao unachangia: maji yakiwa na tope, jike hawezi kutofautisha rangi za madume, na mipaka ya spishi huanza kufutika. Baadhi ya furu wamebaki katika matangi ya bustani za wanyama na ya wafugaji wa Ulaya na Marekani Kaskazini. Nani amebaki? Waliotunzwa na wafugaji wa nyumbani ni, kwa kiasi kikubwa, wale waliopendeza: wenye wekundu, wenye manjano, wenye madume wanaojionyesha. Furu wa rangi ya udongo aliyekula matope au konokono hakuwa na mtetezi sebuleni kwa mtu. Hapo upendeleo wa mfugaji ukawa mizani ya nani arithi uhai, na mizani hiyo ilipima rangi, maana yake ilipima cheo, maana yake ilipima ukali.

Maji ya Gatsata

Rwanda imekaa juu ya mgawanyiko wa maji. Magharibi, Ziwa Kivu humwaga maji yake kwa Mto Rusizi hadi Tanganyika, na mwishowe Kongo. Mashariki ya mgawanyiko huo, Mto Nyabugogo hutoka Ziwa Muhazi, hupita chini ya Gatsata, huingia Nyabarongo, kisha Akagera, na kufika Ziwa Victoria. Kinachotupwa Gatsata kinatupwa upande wa furu.

Kivu nalo lina furu wake. Snoeks, katika kazi yake ya mwaka 1994, alitambua spishi 15 ambazo hazipatikani kwingine. Mwaka 2003 Verheyen na wenzake walipendekeza, kwa ushahidi wa kijenetiki, kwamba chimbuko la furu wa Victoria lilipitia Kivu. Kwa hiyo tunapozungumzia furu wa Rwanda hatuzungumzii kona ya pembeni ya historia hii. Na Kivu limekwisha kuonja mkono wa binadamu: isambaza, anayewalisha watu wengi sasa, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Uletaji huo ulikuwa wa makusudi na wa chakula. Ninaouhofia ni ule wa bahati mbaya, wa ndoo moja inayomwagwa jioni.

Hofu hii ina mfano wake. Katika Ziwa Malawi, biashara ya samaki wa mapambo iliwahamishia mbuna wa sehemu nyingine za ziwa kwenye Kisiwa cha Thumbi Magharibi, karibu na Cape Maclear, na hao wakaota mizizi katika eneo ambalo tangu mwaka 1980 ni hifadhi ya taifa. Hawakuachiliwa kwa sababu ya ukali wao. Waliwekwa kwa sababu ya urahisi wa kuwavua tena. Lakini somo la kibiolojia ni lilelile.

Hapa ndipo ninapowaomba wanaoshauri juu ya kanuni za uingizaji na uzalishaji wa samaki wa mapambo wanisikilize kwa makini. Orodha za wauzaji wa ng'ambo huja na safu ya hulka, na ni rahisi kuinakili safu hiyo katika mwongozo wa serikali kana kwamba mkali ndiye wa hatari na mpole ndiye salama. Kwa mito yetu mambo yanaweza kuwa kinyume kabisa. Yule dume mweusi wa Gatsata, akitupwa Nyabugogo peke yake, atakufa bila mrithi, labda baada ya kuwasumbua jirani zake kwa majuma machache. Jike wa manjano aliyejibanza pembeni, asiye na sifa yoyote katika orodha isipokuwa unyonge, huatamia mayai yaliyorutubishwa na watoto wake kinywani. Anaweza kuingia mtoni na kizazi kizima mdomoni. Mwongozo unaouliza juu ya hulka peke yake utamzuia wa kwanza na kumruhusu wa pili.

Maswali yanayofaa ni ya namna nyingine: samaki huyu huzaaje, hula nini, ana ndugu gani wa karibu katika maji yetu anayeweza kuchanganyika naye, na mfugaji aliyemchoka atampeleka wapi? Swali la mwisho ndilo lisiloulizwa kabisa. Mfugaji hamtupi samaki anayempenda. Humtupa aliyekwisha kuhukumiwa, na hukumu hiyo imeandikwa tayari katika kitabu. Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017 na ambacho ndicho nilichozungumza na mafundi wa Gatsata, kina maneno ya kutosha ya kuandika mwongozo ulio bora kuliko ule wa kunakili. Tunatofautisha mkali na mchokozi, mkorofi na mbabe, mpole na mnyonge. Mbabe ni neno la cheo. Laiti orodha za samaki zingeanza na hilo.

Fundi hakumpeleka samaki wake mtoni. Mwenzake mwenye tangi kubwa alikubali kumchukua, na alibebwa ndani ya ndoo ya rangi iliyooshwa, juu ya pikipiki. Niliporudi gereji baada ya majuma mawili wale wa manjano walikuwa wametawanyika tangi zima, wakila kwenye mawe ambayo zamani hawakuthubutu kuyakaribia. Fundi alinionyesha kwa kidole mmoja aliyekuwa akikaa karibu na jiwe kubwa la katikati. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuingia giza.